Mita ya Chumba Namba Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wakuu wa idara, Muuguzi Mkuu, uliyeiacha wodi yako ukaja kutuheshimu, ndugu wahandisi na mafundi, mume na binti wa mwenzetu tunayemuaga, na ninyi mliosimama karibu na mlango, ambao najua mmesimama hapo ili mtoke upesi nikirefusha: habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache. Mtu aliyefundisha miaka thelathini hajui machache, lakini nitajitahidi.

Mwenzetu anastaafu leo baada ya miaka ishirini na miwili katika chumba namba nne, chumba cha vipimo. Wengi wenu mnamwita Mama Mita. Wachache mnajua kwamba jina hilo lilianza kama kejeli, na kwamba aliyelianzisha ni mimi.

Mniruhusu kwanza nieleze kazi yetu, kwa ajili ya wageni. Kichakataji, yaani ubongo wa mashine, hukaa muda mwingi bila kazi yoyote, na kikikaa macho bure kinakula betri. Basi kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayozitawala nyingine zote, ndicho kinachoamua: sasa hakuna kazi, kichakataji kilale. Lakini kilale usingizi gani? Mfikirieni mlinzi wa lango. Anaweza kusinzia kitini, buti miguuni. Ukimwita anainuka papo hapo, ila hakupumzika sana. Anaweza pia kuvua buti, akajinyoosha, akajifunika shuka. Hapo anapumzika kweli, ila ukimwita utasubiri kwanza alitafute buti la kushoto. Je, kuna faida gani kuvua buti ikiwa mgeni anafika baada ya dakika mbili? Na kuna faida gani kujikunja kitini ikiwa mgeni ni wa kesho? Kukisia mgeni atakuja lini, na kuchagua usingizi unaofaa: hiyo ndiyo programu niliyoiandika mimi, na niliringa nayo.

Miaka tisa iliyopita tulitengeneza mashine ndogo ya kuangalia pumzi ya mgonjwa. Inaning'inizwa kwenye kitanda, inatumia betri, na betri ilitakiwa idumu saa kumi na mbili, zamu nzima ya muuguzi. Wodini ilidumu saa tano. Wauguzi wakafanya nini? Hawakupiga kelele. Walisogeza vitanda. Wodi ya vitanda kumi na sita ilikuwa na soketi kwenye ukuta mmoja tu, na vitanda vyote vikahamia ukuta huo, vikabanana hata muuguzi akawa anapita ubavu ubavu akiwa na sinia la dawa kichwani. Ndipo Muuguzi Mkuu huyu akanipigia simu. Akasema, "Mzee, mashine yenu inalala lini? Maana sisi huku hatujaiona ikilala, tumeiona ikifa tu."

Nikaisoma ripoti ya mashine. Kiini cha mfumo huweka kumbukumbu ya kila usingizi: umeanza lini, ni wa ngazi gani, umekwisha lini. Ripoti ilisema mashine imekaa katika usingizi mzito kwa asilimia tisini na nne ya muda wake. Nikatoa hukumu: betri ni mbovu. Zikaletwa betri nyingine. Saa tano, zikafa.

Mwenzetu akaingia ofisini kwangu, mikono mifukoni kama kawaida yake, vijana wangu sita wakiwepo.

"Mzee, nimeupima umeme wake kwa mita, kwenye waya. Hailali."

"Inalala, mama. Soma hapa. Asilimia tisini na nne."

"Hiyo kaandika nani?"

"Mashine yenyewe."

"Mwamba ngoma huvutia kwake, mzee. Waya umeuuliza?"

Vijana wakacheka. Nami, badala ya kufikiri, nikataka wacheke zaidi. Nikasema, "Haya, Mama Mita, nenda kaongee na waya wako." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye kibodi. Yeye hakucheka, wala hakununa. Akaenda kuongea na waya wake.

Kwa siku tatu aliichomoa mashine ile kipande kimoja kimoja, na kila akichomoa kipande anasoma umeme unaopita, anaandika kwenye daftari. Kioo, hakuna badiliko. Redio, hakuna badiliko. Siku ya tatu akachomoa king'ora kidogo cha kutoa tahadhari, na umeme ukashuka ghafla hata akadhani amekata waya! Kumbe mashine inapowashwa, king'ora hujaribiwa kwa mlio mmoja, na aliyeandika sehemu hiyo ya programu alisahau kuizima saa ya king'ora, ile saa ya ndani inayokiendesha, baada ya mlio. Saa hiyo ikiwa inatembea, kichakataji hukataa usingizi mzito. Kinabaki kitini, buti miguuni. Wala hakisemi kwamba kimekataa. Programu yangu ilikuwa inatoa amri ya kulala, inageuka, inaandika daftarini: amelala. Iliandika amri iliyotoa, haikuandika kilichotokea.

Msiicheke sana. Ni wazazi wangapi humu ndani mmewahi kusema "mtoto amelala" kwa sababu tu mlimwambia alale?

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu ya programu. Betri ikadumu saa kumi na tatu, na vitanda vikarudi mahali pake. Katika taarifa ya kazi hiyo niliandika kwa mkono wangu: "Idara imegundua kasoro." Ndugu zangu, idara haikugundua kitu. Idara ilicheka. Aliyegundua ni huyu mama, na leo nalisema hilo mbele ya mumewe na binti yake, maana miaka tisa nimelinyamazia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta, kwa kuwa kusifu peke yake kungeweza kufanywa kwa kadi.

Jana nilipita chumba namba nne kumsalimia. Nikaikuta mita yake ndani ya katoni, na juu ya katoni pameandikwa kwa kalamu nene: VIFAA VYA ZAMANI. Nikaambiwa kuanzia Jumatatu chumba kitakuwa cha mikutano, kwa sababu mashine mpya zinatoa ripoti zenyewe, tena zenye rangi. Nikamuuliza kama imemuuma. Akasema, "Mimi naondoka, mzee, si neno. Ila nikishatoka, mashine itaulizwa na nani?"

Basi asubuhi ya leo nikamwomba kazi moja ya mwisho. Tukaitoa mita kwenye katoni, tukaifunga kwenye mashine mpya ya pumzi, ile inayokwenda wodini wiki ijayo, tukaiacha saa mbili nzima.

Mheshimiwa Mkurugenzi, chini ya glasi yako ya maji kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ripoti ya mashine, yenye rangi: usingizi mzito, asilimia tisini na saba. Ya pili ni mwandiko wa mama huyu: katika saa mbili, umeme haukushuka hata mara moja.

Mashine iko macho, Mheshimiwa. Safari hii sijui kwa nini, na yeye pia hajui, na saa kumi jioni muda wake wa kazi unakwisha. Siombi abakishwe; mumewe amengoja vya kutosha. Naomba meza yake ibaki, mita irudi juu yake, akae hapo mtu ambaye kazi yake ni kutoiamini ripoti, na mashine hii isitoke mpaka mtu huyo aseme imelala. Kinyozi hajinyoi.

Naona umeziinua karatasi. Soma taratibu. Nakala zake nimempa Muuguzi Mkuu, kwa sababu vitanda ni vyake.

Mama Mita, jina hili nilikupa ili watu wacheke. Leo nakuita tena kwa jina hilohilo, na sisikii anayecheka.

Mlioko mlangoni, njia ni nyeupe sasa. Nawashukuru nyote kwa subira yenu, na asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho.