Uzito wa Fundi Awadhi

Kijiwe cha Ashraf kipo Newala mjini, mkabala na ghala la korosho, pale ukuta unapokinga upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Benchi moja refu, gogo moja la wachelewaji, jiko la mkaa na birika la kahawa, basi. Asubuhi hiyo ya Oktoba ukungu ulikuwa umepanda ukalimeza ghala zima. Ulisikia magunia yakitupwa mizanini lakini hukumwona anayeyatupa. Uwesu, mbeba mizigo kwa pikipiki ambaye kijiweni wanamwita Kamba kwa ustadi wake wa kufunga mzigo, alikaa kwenye gogo akapokea kikombe chake. Hakukusudia kukaa sana. Alikuwa njiani kwenda kwa Mama Shamila, mjane wa fundi Awadhi, kumpa jibu. Mama Shamila alikuwa amemwomba aichukue karakana ya betri ya marehemu, tanuri na kalibu za kumiminia risasi na kila kitu, kazi isife. Uwesu alikuwa ameamua kukubali. Awadhi alikuwa rafiki yake wa miaka kumi na tisa, na hiyo ilikuwa siku ya ishirini na nane tangu wamzike.

—Kamba, umepata habari za jeneza la msikiti?

Aliyeuliza ni Gervas. Zamani alikuwa tarishi wa mahakama kule Masasi, na tangu astaafu anaitwa Hakimu, na anaitika.

—Habari gani?

—Mti wake wa kubebea umepasuka. Natoka kwa seremala sasa hivi, nimeuona kwa macho haya. Mninga, unene wa mkono wangu, umepasuka kama muhogo mkavu.

—Umepasuka lini? akauliza Ashraf.

—Siku ile ile. Tangu Awadhi, hajabebwa mtu mwingine.

Ashraf aliacha kumimina. Wote walikuwepo siku ile, Waislamu kwa Wakristo. Kutoka nyumbani kwa Awadhi hadi makaburini si mbali, na desturi ni watu kugombea bega, kila mmoja apate thawabu yake. Siku ile waligombea kutoka. Mtu anaingia chini ya mti, hatua tano, anageuka kutafuta nani ampokee. Walisimama mara saba. Na aliyelala ndani ya sanda alikuwa Awadhi, ambaye mwezi wa mwisho alikuwa amekonda hata pete inamtoka kidoleni akinawa.

—Kilo arobaini na moja, alisema Hakimu. Hospitali waliandika. Si ndiyo, Kamba? Wewe ndiye uliyempeleka.

—Arobaini na moja, alisema Uwesu.

Hakuongeza kwamba siku aliyompeleka, tairi la nyuma lilikaa chini njia nzima, na kwamba alisimama mara mbili kulijaza upepo.

Kazi ya Awadhi kila mtu aliijua. Ilianza kwa dada yake, Pili, anayeishi kijiji cha chini ya mteremko. Betri yake ya sola ilikufa, akaipandisha mjini kichwani, akateleza kwenye mawe, akavunjika mfupa wa bega. Awadhi aliifungua ile betri akamwonyesha Uwesu mabamba yaliyomo, yale ambayo mafundi wengine huita pleti. Kila bamba lina kiunzi cha madini ya risasi, na ndani ya kiunzi umepakwa uji wa risasi uliokauka. "Huu uji ndio unaotunza moto," alisema. "Kiunzi kazi yake ni kuushika na kuupitisha moto. Sasa kwa nini kiwe kizito hivi?" Miezi minane alihangaika. Mwisho alichukua wavu wa dirishani, ule wa nyuzi za kioo wa kuzuia mbu, akagundua namna ya kuuvika risasi nyembamba kama ganda la kitunguu, akafanya kiunzi chake. Betri ya kilo kumi na nne ikawa ya kilo sita, na taa ikawaka vilevile. Pili aliibeba kwa mkono mmoja. Baada ya hapo watu walikuja kutoka Lulindi na Nanganga na zao mbovu azifumue, azirudishe nyepesi.

—Mimi nitawaambia, alisema Benjamin. Huyu anatengeneza redio na madishi, jina lake Satelaiti. —Dhambi. Mtu akifa na siri, siri ina uzito. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndiyo maana tulisimama kila mti.

—Awadhi alikuwa na dhambi gani? akasema Ashraf. Mtu hata kahawa hakopi.

—Ndio hao, alisema Satelaiti.

—Ushahidi huo haupokelewi, alisema Hakimu. Tuanze na risasi yenyewe. Risasi ya betri na risasi ya bunduki ni kitu kimoja, au si kitu kimoja?

—Kimoja, alisema Ashraf.

—Haya. Huku Newala kumepiganwa vita vya Wajerumani, kuna boma pale. Ng'ambo ya mto kumepiganwa juzi tu. Watu wakilima wanaokota. Wanauza kwa nani? Kwa anayeyeyusha. Sasa wewe unayeyusha risasi iliyopita ndani ya mtu, ule moshi ni wa risasi tu?

—Awadhi hakununua risasi za bunduki, alisema Uwesu. Alifumua betri mbovu. Nilizileta mimi.

—Zote?

—Zote.

—Na hizo betri mbovu, risasi yake ilitoka wapi kabla haijawa betri? Hakimu aliuliza polepole, kama mtu anayemhoji shahidi. —Hujui. Mimi sijui. Imetembea. Risasi haiozi, bwana. Walioipokea wakafa, yenyewe ikabaki. Mahoka wao wakaja nayo, roho za wazee wa watu, wakampanda begani mmoja mmoja. Haba na haba.

Ukungu ulikuwa umefika jikoni. Ashraf aliuchochea mkaa ingawa ulikuwa unawaka.

—Daktari alisema risasi imemwingia kwenye damu, alisema Ashraf. Kwa ule moshi. Ndiyo maana ya tumbo kumkata, mikono kutetemeka, na ufizi ule wa buluu. Nilidhani hilo lilikwisha.

—Imeingia kwenye damu, sawa, alisema Satelaiti. Kiasi gani? Punje? Punje haipasui mninga. Jamani, mimi nina neno, ila Kamba asikasirike.

—Sema, alisema Uwesu.

—Tuliyemzika si Awadhi.

Satelaiti alishusha sauti.

—Mnajua ndondocha wanavyochukuliwa. Mtu anatwaliwa mzima akafanyishwe kazi, mahali pake linawekwa gogo, nyinyi mnaona sura ya mtu wenu, mnalia, mnazika gogo. Fundi wa namna ile, nani asingemtaka? Yuko mahali anayeyusha. Tulibeba gogo la mti mbichi. Mti mbichi ni mzito. Na wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

—Hiyo methali haisemi hivyo, alisema Hakimu.

—Inasema nini?

—Haisemi hivyo.

Uwesu aliweka kikombe chini. —Nilimwosha mimi, alisema. Nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa Awadhi. Kovu la tindikali lilikuwa pale pale kwenye kiwiko.

Kisha Hakimu akasema, na safari hii hakuwa na sauti ya mahakamani:

—Basi wewe uliyemwosha. Alikuwa mzito?

Uwesu aliitazama mikono yake. Waoshaji walikuwa wanne. Awali maiti alionekana kama mtoto, mbavu unazihesabu. Lakini ilipofika kumgeuza ubavu wa kushoto, Uwesu alipitisha mikono chini ya mgongo, akavuta, na hakuna kilichosogea. Alidhani mwenzake amemkandamiza. Walimgeuza wanne, kwa bismillahi moja, na miguu ya ubao wa kuoshea ikalia. Alipomshika mkono kuuosha, ule mkono mwembamba ulimvuta bega chini. Ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichokaa kivulini siku nyingi, si ya mtu aliyekufa alfajiri. Sheikh aliwatazama mmoja mmoja. Ya maiti hayatoki nje ya pazia.

—Ya maiti hayasemwi, alisema Uwesu.

—Mwosha huoshwa, alisema Satelaiti. Kwa hiyo unaruhusiwa kusema.

Hiyo nayo haisemi hivyo, lakini hakuna aliyemsahihisha, na Uwesu alikumbuka kwamba karakana ya Awadhi ndiyo aliyokuwa anakwenda kuipokea.

Hapo mtu akatokea kwenye ukungu, begi la ngozi begani. Kijana wa miaka thelathini hivi, amefunga zipu ya jaketi hadi kidevuni.

—Shikamooni wazee.

—Marahaba, alijibu Hakimu. Karibu. Wewe ndiye yule wa vipimo?

—Ndiye mimi. Naitwa Rogath. Nimetoka Rombo, niko hapa wiki ya pili kukagua mizani za maghala. Kuna kahawa?

Ashraf alimimina. Rogath alikaa mwisho wa benchi. Watu wa kijiwe walipenda kupata sikio jipya, wakamsimulia yote: betri nyepesi, wavu wa dirisha, kilo arobaini na moja, jeneza lililopasuka. Kisa cha gogo cha Satelaiti pia. Rogath alisikiliza vizuri, bila tabasamu la dharau, akauliza mambo madogo madogo.

—Betri moja ilikuwa kilo kumi na nne, akaitoa kilo sita?

—Sita, sita na robo, alisema Uwesu. Tulizipima hapo ghalani.

—Na alitengeneza ngapi?

—Sitini. Sitini na kidogo.

Rogath alitazama juu kama anayesoma hesabu kwenye ukungu. —Kilo nane kwa kila betri, mara sitini. Kilo mia nne na themanini.

—Ndiyo uhodari wake, alisema Hakimu. Alizipunguza zote hizo.

—Naelewa mzee. Rogath alikunywa funda. —Ila mimi kazi yangu ni uzito. Uzito unahama, haupotei. Gunia likipungua hapa, limeongezeka mahali. Sasa hiyo risasi aliyoitoa, aliiweka wapi?

Hakimu alimgeukia Uwesu.

—Aliiuza kwa watu wa chuma chakavu, alisema Satelaiti.

—Hakuuza, alisema Uwesu. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Masasi nawajua wote. Walimfuata mpaka nyumbani, akawaambia hana.

—Basi iko karakanani, alisema Satelaiti.

—Nilifagia karakana mimi na Pili, siku ya nane. Kulikuwa na kalibu, wavu, na kikopo kimoja cha risasi. Kikopo cha maziwa. Hakikujaa.

—Aliichimbia.

—Uani kwake ni mwamba.

Rogath aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akiwa bado anangoja. Alikuwa ameuliza kitu cha kawaida na alitarajia jibu la kawaida. Magunia yaliendelea kuanguka mizanini ng'ambo ya barabara. Hatimaye aliona hapati kitu, akashukuru, akaaga, akaingia kwenye ukungu kuelekea yanakotoka magunia. Hakimu alisema anakwenda kumwona seremala, ingawa alitoka huko. Satelaiti akamfuata bila kusema anakwenda wapi.

Uwesu aliisukuma pikipiki, hakuiwasha. Kwa Awadhi ni mtaa wa tatu. Mama Shamila alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo Pili ndiye aliyempokea mlangoni, na mjane akaitikia salamu kutoka nyuma ya pazia.

—Karibu shemeji. Umekuja na jibu?

Uwesu alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amejiandaa kusema maneno mazuri juu ya kazi isiyokufa. —Mama Shamila, alisema, nisamehe. Nataka kuuliza kwanza. Ile risasi aliyokuwa anaitoa, ulipata kuiona?

Kisha sauti ikasema: —Wifi, mwonyeshe.

Pili alimtazama, bega lake moja limeshuka kidogo tangu lile anguko. Akampeleka chumba cha pili, kilichokuwa cha Awadhi na mkewe. Kilikuwa kitupu isipokuwa kitanda cha mbao, godoro limeondolewa. Pili aliinama akakunja mkeka uliokuwa umefunika sakafu.

Miguu miwili ya kitanda ya upande wa ukutani ilisimama juu ya saruji. Ile miwili ya upande wa Awadhi ilikuwa imezama. Urefu wa kidole cha kati. Saruji kuizunguka haikuwa na ufa. Ilikuwa imebonyea, laini, kama ugali ulioshindiliwa kwa mwiko.

—Mwaka mzima, ilisema sauti nyuma ya pazia, kila nikilala naviringika kwenda upande wake. Kila siku. Nikijirudisha, naviringika tena. Nilimwambia kitanda kimepinda. Akasema, vumilia, mke wangu, nikimaliza hizi betri nitakinyoosha.

—Alianza kwa ajili yangu, alisema Pili. Hakumtazama mtu.

Uwesu alichuchumaa. Aliweka kidole kwenye moja ya yale mashimo, akakitoa haraka.

—Siwezi kuichukua, Mama Shamila.

—Najua, shemeji. Ningekuficha hili, ungeichukua. Nimeshindwa kukuficha.

Nje mtu alipita akiimba kwa sauti ya chini, na hakujua kuna nini ndani. Pili alisema afadhali wakitoe kitanda uani, yeye hawezi peke yake kwa sababu ya bega. Uwesu alishika kichwani, Pili akashika miguuni. Uwesu alitanua miguu, akakaza mgongo kama alivyokaza siku ya kuosha, akahesabu mpaka tatu.

Kilinyanyuka mara moja, chepesi kama dema tupu la kuvulia samaki, nusura wote wawili waanguke kinyumenyume; uzito haukuwa wa kitanda.