Historia ya Marehemu Januari Haule, Fundi wa Viti vya Mwaloni

Ndugu waombolezaji, Mama Sara, mjane wa marehemu, ameomba familia isome kwa niaba yake, kwa kuwa sauti imemkauka, nasi tunasoma kama alivyotusimulia juzi jikoni kwake, Crescent Town, hapa Toronto.

Marehemu Januari Haule alizaliwa tarehe 14 Januari 1957 huko Peramiho, Songea, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1971, akajifunza useremala katika karakana ya misheni kuanzia 1972 hadi 1975, kisha akafanya kazi Dar es Salaam, na tarehe 6 Julai 1985 akafunga ndoa na Asumpta Mbano, wakajaliwa binti yao wa pekee, Sara, mwaka 1988.

Mwaka 1994 walihamia Toronto, marehemu akaajiriwa kiwandani, akibandika karatasi yenye sura ya mbao kwenye makabati ya jikoni, na Mama Sara anakumbuka alivyokuwa akirudi jioni na kuvua viatu, akaenda moja kwa moja kitandani, mpaka mwaka 2006, Bi Almina, ambaye mama yake mzazi alikuwa akihudumiwa na Mama Sara, alipompa marehemu kiti cha zamani kilichovunjika. Alipokifungua alikuta kimeungwa kwa ulimi na tundu, ubao mmoja ukichomekwa ndani ya mwingine, bila msumari hata mmoja, maungio yameachwa wazi yaonekane, akamwita mkewe, “Njoo uone, aliyefanya kazi hii alikuwa na akili zake zote.” Ulikuwa mtindo wa Arts and Crafts, wa Waingereza wa zamani waliochoshwa na vitu vya kiwandani, naye akaacha kazi, akapanga karakana, akaufufua kwa mbao za mwaloni, akawafundisha wengine kila Jumamosi, huku Mama Sara akiishikilia nyumba kwa zamu za kutunza wazee.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya pua, madaktari wakamkataza unga wa mbao, lakini akaendelea, hadi Mama Sara alipomnyang'anya ufunguo wa karakana, akisema, “Baba Sara, nimechoka kukuuguza wewe na karakana yako.” Akamjibu, “Na mimi nimechoka, mama, ila mimi nimechoka kukaa.” Wakala meza moja bila kuzungumza karibu kiangazi chote.

Septemba, Mama Sara aliurudisha ufunguo mwenyewe, kwa sharti kwamba marehemu akae nyuma ya kioo, mbali na unga, na Sara ndiye ashike randa, na ndivyo lilivyotengenezwa benchi la kanisa hili, mguu mmoja ukirudiwa mara nyingi, Sara akilia, “I can't, Dad,” yaani siwezi, Baba, mama yake akivua koti na kushika msasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote.

Alifariki mchana wa tarehe 9 Februari 2025, hospitalini, mkewe akiwa amesinzia kwenye kiti kando yake, na ameomba lisemwe hivyo hivyo, lisipambwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, Bi Almina, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza. Mama Sara anaomba jambo moja, kwamba mkifika nyumbani leo msimwambie ajikaze, amejikaza vya kutosha, mkae naye tu.

Baba Sara, kazi umemaliza, lala salama mikononi mwa Mungu.