Benchi Lililotazama Mlango

Mbele ya geti la chuo kuna benchi refu la mbao, na pembeni yake hukaa muuza kahawa ambaye kila mtu humwita Shangazi. Ng'ambo ya njia, uongozi wa chuo umefungua chumba cha kuwasaidia wanafunzi waliobakwa, baada ya binti mmoja kuvamiwa nyuma ya maktaba. Ndani yumo mshauri, mama mpole, anasubiri. Hadi leo hajaingia mtu. Hilo ndilo wanaume watatu wa kijiweni walilokuwa wakilitafuna asubuhi ile, na Shangazi aliwachoka kabla hawajamaliza kikombe cha kwanza.

— Haingii mtu, basi hakuna tatizo, akasema Wakili, ambaye sheria pekee anazozijua ni za drafti. Lisemwalo lipo. Hili halisemwi, halipo.

— Na yule wa maktaba alijivamia mwenyewe? akauliza Shangazi.

— Tatizo ni ukuta, akadakia Injinia, fundi baiskeli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tusizibe, tujenge! Uende juu mpaka kunguru waombe ruhusa.

— Na kama aliyefanya analala humo humo ndani? akasema Shangazi.

Injinia akapuliza kahawa iliyokwishapoa.

— Filimbi! akasema Redio, dereva wa bodaboda asiyepitwa na habari. Kila binti apewe filimbi. Akipuliza tu, sisi hawa hapa.

— Wewe? Juzi mbwa kabweka, ukapanda juu ya benchi.

— Basi wapewe mbwa! Ila mimi naona shida yao ni aibu, na mficha uchi hazai.

— Redio, methali nyingine zimeze.

— Kweli, Shangazi! Juzi yule wa skafu ya kijani kaufikia mlango kabisa. Nikamwita kwa roho safi: "Binti, ingia tu! Na wewe yamekukuta?"

— Akaingia? akauliza Wakili.

— Wapi! Akageuka, mbio. Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Shangazi aliziona mbio zile.

— Shikamooni.

Wote wakageuka. Msichana alikuwa amesimama nyuma yao, skafu ya kijani ameikunja mkononi. Redio hakumtambua.

— Marahaba, binti! Karibu kahawa!

— Asanteni, sinywi. Nilikuwa nauliza tu, hapa huwa mnaondoka saa ngapi?

Wakili akamtazama Injinia, Injinia akamtazama Redio. Kijiwe hakina saa ya kufungwa. Msichana hakuwa akiwatazama wao, alikuwa akiutazama mlango.

Shangazi akainuka, akalipindua birika. Kahawa yote ikamwagika chini, ya moto bado.

— Kahawa imekwisha. Nyanyukeni. Na benchi linahamia nyuma ya kona, leo hii. Injinia, shika huko mwisho.

— Sasa Shangazi, tumekosa nini?

— Beba, Redio. Na asigeuke mtu.