Benchi la Fenerbahçe huko Kashebere

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza Mama Kanyere Blandine, familia inaomba muketi, musikilize kwa kifupi maisha yake, kama yalivyoandikwa na mume wake, Papa Léopold Byukusenge.

Marehemu alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne wa wazazi wafanyabiashara, akasoma hukohuko Butembo hadi alipopata diploma ya ualimu mwaka 1998. Mwaka 2001 alimfuata kaka yake Muhindo, aliyekuwa amefungua duka Kibabi, katika Masisi, akafundisha darasa la pili, na huko ndiko alikojuana na Léopold, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, mwana wa wakulima wa vilima vile. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Agosti 2003, na Mungu akawajalia watoto watatu, Emérita, Polycarpe na Uwizeye.

Katika vita vya mwaka 2012 Kibabi ilikimbiwa, duka la Muhindo likaporwa, naye akatamka mbele ya watu kwamba Sebarenzi, mdogo wa Léopold, ndiye aliyewaonyesha waporaji mlango. Sebarenzi alikana, na hakuna aliyethibitisha lolote, ila tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata kwenye ubatizo, hata kwenye matanga. Wote walikimbilia hapa Kashebere, wakajenga wakipakana, na marehemu akaishi katikati yao, akiwapikia kwa zamu, kwa maana hawakukubali kula pamoja.

Mwaka 2015 alifungua nyumba ya video, yenye televisheni moja, jenereta na mabenchi sita. Ilipofika Agosti 2023 vijana walipigana mle ndani kwa ajili ya mechi ya Uingereza, watoto wa maduka upande mmoja, watoto wa wakimbizi upande wa pili, benchi moja likavunjikia kichwani mwa mtu. Marehemu alifunga mlango kwa muda, na alipoufungua tena alitangaza kwamba ataonyesha ligi ya Uturuki peke yake.

“Blandine, Waturuki mimi nabajua wapi?” Muhindo alimwuliza.

“Njo maana,” marehemu akamjibu. “Pale haujakuwa na mutu wa kuchukia.”

Kila aliyeingia alitia mkono katika beseni lililofunikwa kitambaa, akatoa kifuniko cha chupa, cha bia akawa shabiki wa Galatasaray, cha fanta akawa wa Fenerbahçe, timu mbili kubwa za huko Uturuki, na aliketi na wenzake wa kifuniko hicho hadi msimu uishe. Muhindo alitoa fanta. Sebarenzi, aliyeingia nyuma yake, naye alitoa fanta. Waliketi kwenye benchi moja wakiacha katikati nafasi ya watu wawili, na kila mara marehemu alikuta nafasi hiyo imejazwa na koti la mmoja wao.

Mwezi wa Desemba, kiongozi wa timu moja huko Uturuki alimpiga mwamuzi ngumi uwanjani, na ligi yote ikasimamishwa siku kadhaa. Watu wa Kashebere, waliokuwa wakisikia mizinga kutoka upande wa Masisi, walishindwa kuelewa jambo hilo.

“Ngumi moja, na inchi muzima inasimama,” Sebarenzi alisema, bila kumtazama mtu. “Basi siye hapa tungekuwa tulisimama tangu zamani.”

Muhindo alicheka, kisha akaona amecheka na nani, akageukia televisheni. Marehemu alilisimulia hilo nyumbani mara nyingi.

Januari 2024 maumivu ya tumbo yalianza, na wauguzi wakamwambia afike Goma apimwe vizuri, lakini mwezi wa Februari barabara ya Goma ilifungwa na vita kule Sake. Kuanzia Aprili alilala chumba cha nyuma, ambako ukuta wa mbao ulimtenga na mabenchi, na Emérita ndiye aliyeendesha jenereta. Tarehe 19 Mei Fenerbahçe, wakiwa wamebaki watu kumi, waliwafunga Galatasaray kwao, na kupitia zile mbao marehemu alisikia sauti ya kaka yake.

“Sebarenzi! Unaona? Bako kumi!”

“Naona, kaka. Naona.”

Alimwuliza Léopold ni nani aliyejibu, Léopold akamwambia, naye akamwuliza tena.

Wiki iliyofuata Fenerbahçe walishinda mechi yao ya mwisho, na hata hivyo kikombe kikaenda kwa Galatasaray, ingawa msimu mzima Fenerbahçe walishindwa mara moja tu. Watu wa Galatasaray hawakuwahurumia. “Pole ba Papa Mechi Moja,” waliimba, na Muhindo na Sebarenzi wakatoka pamoja, wakilaumu kwa sauti moja beki wasiyejua hata kutamka jina lake.

Mwishoni mwa Juni, kwa kuwa pikipiki ilimtikisa mno, marehemu alibebwa kwa tipoi, machela ya miti, hadi hospitali ya Masisi, Muhindo na Sebarenzi wakishika miti ya mbele njia nzima. Huko aliaga dunia alfajiri ya tarehe 3 Julai 2024, kwa kansa ya tumbo.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Damascène, majirani waliotoa kuni na maji, walimu wenzake wa Kibabi, na vijana waliolinda nyumba ya video pasipo kuombwa.

Limebaki jambo moja, ambalo marehemu aliagiza lisemwe leo na si kabla. Chini ya meza ya mlangoni mlikuwa na mabeseni mawili, moja lenye vifuniko vya bia peke yake, la pili vya fanta peke yake, naye alijua nani wa kumletea lipi.

Muhindo na Sebarenzi wameketi hapa mbele, na koti halipo katikati yao. Leo hakuna aliyewaletea beseni.

Kanyere, pumzika sasa kwa amani hiyo uliyotupangia.