Mzee Nukta na Fulana Mia Tatu za 3.2

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Mzee Nukta atastaafu na kurudisha ufunguo wa chumba namba saba. Nasema atarudisha, ingawa katibu muhtasi anaapa kwamba atausahau mfukoni makusudi.

Alianza kama fundi wa nyaya, akapanda hadi kuwa msimamizi wa Posta, ule mfumo wa kompyuta unaopeleka majibu ya maabara kwa madaktari. Jina la utani alilipata kwa kututesa na nukta moja, ile ya katikati ya namba ya toleo. Badiliko dogo, ongeza namba iliyo baada ya nukta. Badiliko ambalo mashine za zamani hazitalielewa, badilisha iliyo kabla yake. Ukikosea, karatasi yako ilirudi nyekundu tupu kwa wino, na somo ukalipata wakati wa chai.

Chumbani mwake aliweka kompyuta kuukuu tuliyoiita Bibi. Kila toleo jipya lilipaswa kwanza kumwamkia Bibi. Bibi asipolielewa, hilo si toleo, ni mgeni.

Kisa cha 3.2 wengi mnakijua, lakini mmekisikia kwangu, nami nilijipendelea. Miaka sita iliyopita, mimi na waandishi wangu wa programu tuliisuka Posta upya. Mkurugenzi alihofu kwamba jina jipya litawatisha wateja, nami nikamuunga mkono: tuiite Posta 3.2, kana kwamba ni badiliko dogo tu la 3.1, yaishe. Tukachapisha na fulana, mia tatu nzima. Mzee Nukta akampelekea Bibi jibu la majaribio. Kumbe tulikuwa tumezibadilishia nafasi namba ya mgonjwa na namba ya sampuli. Bibi, kwa kuona jina analolijua, alipokea bila kinyongo, akampa mgonjwa mmoja majibu ya sukari ya mwingine. Na zahanati kumi na saba zilikuwa bado zinatumia mashine kama Bibi.

Mzee Nukta akakataa kutia sahihi ya kuliidhinisha toleo hilo. Mkutanoni nilimwita mkaidi, tena mbele ya watu. Akajibu taratibu: "Ukimpa mgeni jina la mwanangu, nitamfungulia mlango bila kuuliza."

Uzinduzi ukaahirishwa miezi minne. Mgeni akapewa jina lake, Tarishi 1.0, na mashine za zamani zikamkataa mlangoni, kama ilivyotakiwa. Fulana zikawa matambara.

Tangu hapo alizipigia simu zahanati moja moja, akizibembeleza zihamie Tarishi. Ya mwisho ilihama mwezi uliopita. Akamzima Bibi kwa mkono wake, akamfuta vumbi kwa fulana ya 3.2 huku akinitazama. Mchokozi yule.

Juzi alinikabidhi daftari lake. Zahanati ya kumi na moja kwenye orodha ya zile kumi na saba ndiko ninakompeleka mama yangu kupima sukari kila mwezi. Pembeni, kwa tarehe ya siku ile ya mkutano, ameandika: "Mama wa mwenzetu hupimwa hapa." Angelitaja hilo mbele ya watu, angenimaliza. Hakulitaja hata siku moja.

Mzee wangu, mama hajambo, anakusalimu. Nilikosea, na samahani yangu imechelewa miaka sita. Nimebakiwa na fulana moja. Siku ya kukuaga nitaivaa, unicheke mpaka uchoke. Asante kwa yote. Tunakuombea afya, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu.

Na ule ufunguo, baki nao.