Mengia Caduff na Ghala la Mwisho la Magogo

Ifikapo tarehe 31 Oktoba, Mengia Caduff atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika Makumbusho ya Wakulima ya Valdauna, na siku hiyo atakabidhi funguo.

Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili alikuwa tayari anapanda mapaa kukagua vigae vya mbao, kamera shingoni, na kufikia wa tano hapakuwa na zizi wala ghala la nyasi bondeni ambalo hakuwa amelipiga picha. Siku moja sakafu mbovu ilimmeza hadi kiunoni. Tulipomkimbilia, alitukabidhi kamera kwanza, ndipo akakubali kuvutwa.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ghala la Placi Deflorin. Placi, mfugaji wa ng'ombe, aliomba kijiji kimruhusu kulibomoa apate maegesho ya magari, na wengi walikuwa upande wake. Lilikuwa ghala la mwisho lililojengwa kwa magogo hapa kwetu. Jumapili kabla ya kijiji kupiga kura, Mengia aliliazima kwa siku moja, akatundika humo picha za zamani alizozisafisha mwenyewe, kisha akakaanga maluns, chenga za viazi na unga zilizoiva kwa siagi, na rojo la matufaha pembeni.

Placi aliingia akicheka. "We Mengia, unatuhonga kwa viazi?"

"Kula kwanza, bwana. Utanitukana ukishashiba."

Alizunguka na sahani yake hadi kwenye picha ya mwanamke aliyejitwika nyasi mlangoni pa ghala lilelile. Chini yake Mengia alikuwa ameandika: "Jina halijulikani."

"Halijulikani vipi? Huyu ni mama yangu, Onna!"

"Basi shika kalamu, andika."

Akaandika. Kisha akamtambua shangazi yake, majirani wanne, hata fahali mmoja. Alikaa saa tatu akitusahihisha. Siku ya kura alisimama mwenyewe akaondoa ombi lake, akasema magari yatavumilia theluji. Kiangazi kilichofuata alipanda juu na Mengia, wakaezeka paa upya huku wakigombana kuhusu kila kigae.

Mengia anahamia kwa dada yake, juu kidogo ya kanisa. Dada Mengia, asante kwa ukali wako na kwa mkono wako wa siagi. Tunakuombea magoti imara, majirani wasiokosa maneno, na asubuhi nyingi za kulala mpaka miale ya jua ifike bondeni.