Bi Lebo na Herufi Iliyofunga Kabati

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Bi Lebo anarudisha funguo za chumba cha mitambo baada ya miaka thelathini na moja katika hospitali hii. Nimeombwa niandike mimi, msimamizi wa usafi, kwa sababu nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita, na kwa sababu wenye vyeti wote walisema wana shughuli. Haya, nimeandika. Someni mpaka mwisho.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa kubandika lebo za karatasi kwenye kila waya: huu unatoka wapi, unakwenda wapi, nani kauchomeka. Hata birika la umeme la wahasibu alilibandika: "Likichomekwa tena humu nalitupa." Likachomekwa tena. Akalitupa.

Alianza akiwa karani wa mafaili ya karatasi, enzi ambazo faili likipotea tunalitafuta mpaka stoo ya mafagio. Kompyuta zilipokuja alijifunza akiwa na watoto watatu na mume mgonjwa, na kazini hakuchelewa. Wajukuu zangu wanaopiga chafya moja wakalala siku nzima wasikie hilo.

Siku ninayotaka ikumbukwe ni ya miaka minne iliyopita. Hospitali yetu huendeshwa na seva moja iliyobeba kompyuta pepe tisa, zisizoshikika kwa mkono, ndani yake: ya maabara, ya duka la dawa, ya wodi na nyinginezo. Mafaili ya wagonjwa hayakai ndani ya seva hiyo. Yanakaa nje, kwenye kabati la diski, na nyaya mbili zinaliunganisha na seva ili mmoja ukikatika mwingine uendelee. Seva ikawa inajizima ovyo. Ikanunuliwa mpya, akaletwa pia mtaalamu wa nje mwenye tai, ili kabati lile lile liunganishwe na seva mpya.

Kabati hilo lina msimamo. Haliifungulii seva yoyote mpaka jina refu la seva hiyo liandikwe humo, herufi kwa herufi. Bi Lebo alikuwa nyuma ya mitambo, kapiga magoti anachomeka nyaya. Mtaalamu alikuwa ghorofani kwenye kompyuta ya kuliongoza kabati. Mimi nilikuwa napiga deki maji ya kiyoyozi. Nikaambiwa nimsomee mtaalamu kwa simu lile jina lililo kwenye skrini ya seva mpya. Nikasoma, tena kwa sauti. Kabati halikufungua.

Wakabadilisha nyaya, wakazima, wakawasha. Wapi! Seva ya zamani nayo ilikuwa imekwisha kufa asubuhi hiyo, foleni imefika getini, na daktari haoni nani anatumia dawa gani. Mjukuu wangu alikuwa wodini, na sindano inayomdhuru iliandikwa humo kabatini tu.

Mtaalamu akateremka. "Kabati limeharibika. Tulifute tuanze upya." Kulifuta maana yake ni kupoteza mafaili, na nakala iliyokuwepo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Mkurugenzi, aliyeshuka naye, akaitikia kwa kichwa.

Bi Lebo akasimama mbele ya kabati. "Halijaharibika. Limeambiwa lisimfungulie lisiyemjua, nalo linatii. Nionyesheni mlichoandika."

"Nimeandika alichosoma huyu mama," mtaalamu akasema, kidole kwangu.

"Shoga, soma tena. Taratibu."

Nikasoma, yeye akifuata kwenye karatasi ya mtaalamu. Nilipofika herufi moja karibu na mwisho nikasema i. Kwenye karatasi palikuwa na e. Mimi nilisoma i kama nilivyofundishwa darasa la pili, mtaalamu akasikia e ya Kiingereza, inayotamkwa hivyo hivyo. Bi Lebo alicheka mpaka akashika ukuta. Herufi ikabadilishwa, kabati likafungua, na kompyuta pepe zote tisa zikawaka kabla ya saa sita.

Halafu mtaalamu akaandika kwenye ripoti: "Kosa la msafishaji." Barua ya kunisimamisha kazi ilishaanza kuchapwa. Bi Lebo alikataa kutia sahihi. Alikaa ofisini kwa mkurugenzi bila kula mpaka ripoti ikaandikwa upya: herufi ilisomwa vizuri, ikasikika vibaya, na kuanzia leo jina la seva lisisomwe kwa simu, liletwe limeandikwa. Ndiyo maana mimi bado nipo hapa na ninaandika.

Bi Lebo, asante. Nenda kapumzike, ulime bustani, ulale mchana bila aibu, Mungu akupe afya ya magoti hayo. Na ninyi mnaobaki, kabati likigoma msimpigie simu. Karatasi zake zote zimebandikwa. Wekeni kidole kwenye kila herufi, msome wenyewe.